Jua na Aliyeliumba Jua

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku na mchana kuwa dalili kwa wenye kutazama. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Vijana wetu wasomao vitabu vya tarikhi wamekuwa wakituletea swali ambalo si jepesi, na haifai kulijibu kwa kukunja uso. Wasema kwamba katika nchi ya Misri pana wimbo wa kale uliochorwa katika ukuta wa kaburi, wamsifu muumba wa ulimwengu. Na kwamba wimbo huo wafanana sana na Zaburi ya 104 katika kitabu kilichomo mikononi mwa Mayahudi na Wakristo. Na kwamba kwa kuwa wa Misri ndio wa zamani zaidi, basi Mayahudi waliiba maneno yao kwa Mafirauni. Kisha mwenye ulimi mwepesi huongeza: kama Zaburi imetoka Misri, basi dini zote ni mambo yaliyonakiliwa, huyu kwa yule, na hakuna wahyi wala ujumbe. Upande wa pili wako waliopotoka kwa njia nyingine, wamemwona mfalme huyo wa Misri akitaja mungu mmoja, wakamfanya nabii, na wengine wakamwita Mwislamu kabla ya Uislamu.

Makundi haya mawili yadhani yanapingana, na kumbe yote mawili yamefanya haraka ile ile. Tutazame kwanza hayo mashairi yenyewe yasema nini, ndipo tuhukumu.

Mfalme mwenyewe aitwa Akhenaten. Alipokalia kiti jina lake lilikuwa Amenhotep, wa nne kwa jina hilo, naye alitawala takriban miaka 17, kiasi cha miaka 1353 mpaka 1336 kabla ya Nabii Isa (A.S.). Misri ilikuwa na miungu isiyohesabika, na mkubwa wao aliyekuwa na mahekalu na mashamba na makuhani alikuwa Amun. Mfalme huyu akaviacha vyote, akashika kimoja: Aten, yaani duara ya jua ionekanayo kwa macho. Mwaka wa tano wa ufalme wake akaanza mji mpya mahali palipokuwa jangwa kando ya mto Nile, baina ya Kairo ya leo na Luxor, akauita Akhetaten. Leo mahali hapo paitwa Amarna. Akatuma watu wenye patasi wakafute jina la Amun popote lilipochorwa, hata katika jina la baba yake mwenyewe, kwani naye alikuwa Amenhotep. Katika picha za mji ule hutaona sanamu ya mtu wala ya mnyama ikiabudiwa. Huona duara ya jua, na miale yake yashuka, na mwisho wa kila mwale pana kiganja cha mkono, na vingine vimeshika alama ya uhai, vikimsogezea mfalme na mkewe Nefertiti puani.

Wimbo mrefu kuliko nyimbo zote za Aten ulichorwa katika kaburi lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mkubwa wa serikali aitwaye Ay, katika safu 13 za maandishi. Huyo Ay hakuzikwa humo, kwani baadaye alikuwa mfalme akazikwa pengine. Wazungu waliyanakili maandishi hayo katika miaka ya 1880, na ikawa bahati, maana mwaka 1890 sehemu yake ilivunjwa, na leo kipande kile hakijulikani ila kwa nakala. Mmarekani James Henry Breasted aliandika juu ya nyimbo hizo kwa lugha ya Kilatini huko Berlin mwaka 1894, na katika kitabu chake cha tarikhi ya Misri cha mwaka 1905 akaweka maneno ya wimbo na maneno ya Zaburi ubavu kwa ubavu. Tangu hapo ndipo khabari hii ikaenea.

Sasa wimbo wasema nini? Tutaeleza maana yake tu. Wamwambia Aten kwamba achomozapo mashariki nchi yote hujaa uzuri wake, naye yuko mbali ilhali miale yake iko juu ya ardhi. Atuapo magharibi, dunia huwa gizani mfano wa mauti. Watu hulala vyumbani wamejifunika vichwa; hata kama mali zao zote zingeibwa chini ya vichwa vyao wasingejua. Simba hutoka pangoni, nyoka huuma, na ardhi hunyamaza kwa kuwa aliyeiumba amekwenda kupumzika. Kisha alfajiri watu huamka, huosha viungo, huvaa nguo, huinua mikono kulisifu jua linalopanda, na nchi nzima hufanya kazi yake. Ng'ombe huridhika na majani yao, ndege huruka kutoka viotani, vyombo hupanda na kushuka mtoni, samaki huruka juu ya maji mbele ya uso wake.

Halafu wimbo waingia mahali pa ndani zaidi, nami nasema kwa insafu kwamba hapa pana uzuri. Wamtaja mtoto tumboni mwa mamaye, namna anavyotulizwa asilie humo, na anavyopewa pumzi siku ya kuzaliwa. Wamtaja kifaranga ndani ya yai: apewa hewa ndani ya ganda, na wakati wake ukitimia alivunja akatoka akilia, akaenda kwa miguu yake. Wataja mataifa ya Shamu na Kushi pamoja na Misri, kwamba kila mtu amewekwa mahali pake na riziki yake, na ndimi zimetengwa, na rangi za ngozi kadhalika. Na kwa kuwa mshairi wa Misri hajui kunywa ila maji ya mto, asema kwamba Misri imepewa Nile itokayo chini ya ardhi, na watu wa nchi za mbali wamepewa Nile nyingine, iliyowekwa mbinguni, iwateremkie juu ya milima. Yaani mvua.

Msomaji wa Qur'ani hawezi kupita hapa asikumbuke Suratu Rum, aya ya 22, ambapo kukhitalifiana kwa ndimi na rangi kumehesabiwa katika ishara za Mwenyezi Mungu, au mwisho wa Suratul Mulk, ambapo watu waulizwa ni nani atakayewaletea maji iwapo maji yao yatazama ardhini. Usishtuke, ndugu. Ishara zimewekwa ili zionekane, na Mmisri naye alikuwa na macho.

Ama Zaburi ya 104, ina aya 35, na mwenendo wake si ule. Yaanza kwa Mola aliyejivika nuru mfano wa joho na kuzitandaza mbingu mfano wa hema. Mawingu ni kipando chake na pepo ni wajumbe wake. Maji yaliyokuwa yamefunika milima yakaogopa ukemeo wake yakakimbia, akayawekea mpaka. Kisha akapeleka chemchemi mabondeni, wanyama wa mwitu wakakata kiu, ndege wakaimba matawini. Majani ni ya ng'ombe, na chakula cha mwanadamu chatoka ardhini: mkate, na mafuta, na mvinyo pia umetajwa, nasi tuupitie. Korongo ana nyumba yake mtini, mbuzi mwitu ana milima mirefu, na pelele ana majabali ya kujificha. Mwezi ni wa kujulia majira, na jua lajua mahali pake pa kuchwa. Usiku ukiingia wanyama wa mwitu hutambaa, na wana wa simba hunguruma wakitafuta mawindo. Jua likipanda hurudi wakajilaza mapangoni, na mwanadamu hutoka kwenda kazini kwake mpaka jioni. Kisha bahari, kubwa na pana, imejaa vitu vidogo na vikubwa, na vyombo vyapita, na yule joka wa baharini ameumbwa acheze humo. Wote wamtazama Yeye awape chakula kwa wakati wake.

Mwenye kusoma haya mawili pamoja ataona ufanani ulio dhahiri. Usiku na simba, asubuhi na kazi, vyombo na samaki, kila kiumbe na riziki yake, na mshangao kwamba kazi za muumba ni nyingi. Kuukana ufanani huu ni ukaidi, na ukaidi haujaisaidia dini siku yoyote. Walakini mtu akisimama kidogo penye ufanani mkubwa zaidi, hapo hapo ndipo atakapoziona tofauti.

Mchukue simba. Katika wimbo wa Misri simba hutoka kwa kuwa mungu hayuko. Jua limetua, mlinzi ameondoka, na dunia imeachwa kwa wenye meno na wenye sumu na wezi. Usiku wa Amarna hauna bwana. Katika Zaburi, Mola mwenyewe ndiye auletaye usiku, na ngurumo ya simba yaelezwa kuwa ni maombi: huyu mnyama atishaye amwomba Mwenyezi Mungu chakula chake kama tunavyoomba sisi. Usiku wake una bwana yule yule wa mchana, ila wakati ule ni zamu ya wengine. Maneno ni karibu mamoja, na itikadi ziko mbali kama mashariki na magharibi.

Na ukitaka kujua gharama ya tofauti hii, fikiri hali ya mtu wa Akhetaten ambaye mtoto wake ameshikwa na homa saa nane ya usiku. Amwombe nani? Kwa wimbo ule, aliyemuumba amepumzika mpaka alfajiri. Sisi twajua katika Suratul Qasas, aya za 71 mpaka 73, kwamba usiku na mchana vyote viwili ni rehema, kimoja cha kutulia na kimoja cha kutafuta fadhila, na kama kimojawapo kingefanywa cha milele hakuna ambaye angetuletea kingine. Na thuluthi ya mwisho ya usiku, ambayo kwa mshairi wa Amarna ni wakati wa nyoka, kwetu ni wakati wa tahajudi, wakati ambao dua ina matumaini makubwa ya kukubaliwa.

Kisha lichukue jua. Kwa Mmisri, jua ndilo lisemezwalo. Kwa mshairi wa Kiebrania, jua ni mtumishi ajuaye saa ya kuondoka. Twapokea katika Sahihi ya Bukhari hadithi ya Abu Dharr (R.A.), Mtume (S.A.W.) alipomweleza kwamba jua likichwa huenda likasujudu chini ya Arshi, likaomba idhini ya kuchomoza tena. Lile ambalo watu wa Amarna walilisujudia, lenyewe lina pa kusujudu.

Fiqhi yetu yalikumbuka jambo hili kila siku, ingawa wengi wasali hawaulizi sababu. Kwa nini katika madhehebu ya Imamu Shafi'i (R.A.) sala isiyo na sababu haifai jua linapochomoza mpaka lipande kadiri ya mkuki, wala linapokaribia kuchwa? Katika Sahihi ya Muslim, hadithi ya Amr bin Abasa (R.A.) yaeleza kwamba nyakati hizo ndizo makafiri husujudia jua. Sheria haikutaka hata umbo la ibada yetu lifanane na ibada ile kwa saa. Basi mwanafunzi azuiwaye kusali sunna ya bure jua linapotokeza baharini, azuiwa kwa sababu ya watu kama wa Akhetaten, waliokuwa wakiinua mikono dakika ile ile.

Turudi katika shutuma ya wizi. Mwenye kudai kwamba fulani ameiba yampasa aonyeshe mlango alioingilia. Mfalme alipokufa, mji wake ulihamwa katika muda wa miaka michache. Mawe ya mahekalu yake yakavunjwa yakajengewa mahali pengine, jina lake likafutwa kama alivyofuta yeye majina ya wenziwe, na katika orodha ya wafalme iliyochorwa na Seti wa kwanza huko Abydos hakutajwa kabisa. Wimbo ulibaki katika kaburi jangwani, kwa maandishi ambayo Myahudi wa Yerusalemu hakuyasoma. Kusema kwamba mshairi wa Kiebrania, aliyekuja baada ya karne nyingi, alisimama katika ukuta ule akanakili, ni kusema jambo lisilo na shahidi. Na Freud, tabibu wa maradhi ya nafsi aliyeandika mwaka 1939 kwamba Nabii Musa (A.S.) alikuwa Mmisri wa dini ya Akhenaten, hakuleta hata jiwe moja lenye jina la Musa kutoka Amarna, kwa kuwa jiwe hilo halijaonekana.

Mlango ulio mwepesi kusadikika zaidi ni mwingine. Mambo mengi yaliyo katika wimbo ule hayakuwa ya Akhenaten peke yake. Pana wimbo wa kumsifu Amun, uliohifadhiwa katika Kairo, ulioandikwa kabla ya zama zake, nao tayari wataja pumzi ya kilicho ndani ya yai, na riziki ya viroboto na minyoo na panya katika matundu yao. Akhenaten alifuta jina la Amun, kisha akachukua sifa zilezile akampa Aten! Na baada yake makuhani wa Amun wakaendelea kuzisema. Kwa hiyo sifa hizi zilikuwa zikitembea katika nchi karne kabla yake na karne baada yake, na Misri ilikuwa ikitawala Kanaani. Mwaka 1887 zilipatikana Amarna barua za udongo, kiasi cha 380, za wafalme wa nchi za nje na watawala wa miji ya Shamu, akiwamo mtawala wa Yerusalemu. Mtawala wa Tiro, aitwaye Abimilki, katika barua moja amsifu Firauni kwa kumwita jua limchomozealo kila siku, kisha papo hapo amsifu kwa sauti yake ya radi mbinguni, na radi si sifa ya jua la Misri bali ni ya Baal, mungu wa mvua wa Kanaani. Basi hapo twaona kwa macho, katika zama zilezile, sifa za Misri na sifa za Kanaani zikichanganyika katika kinywa kimoja. Na mabamba yaliyoanza kufukuliwa Ras Shamra, katika pwani ya Shamu, mwaka 1929, yamwita Baal mpanda mawingu. Mawingu ya Zaburi na joka wake wana jamaa huko, si Misri.

Kwa hiyo Zaburi ile ina maneno yaliyosikika pande mbili, na mshairi wake aliyapokea yote akayavua miungu yake. Jua halikusemezwa, joka aliyekuwa adui wa miungu akafanywa kiumbe achezaye majini, mawingu ya Baal yakawa kipando cha Mola. Haya si matendo ya mwizi. Mwizi hukificha alichochukua, na huyu amekiweka hadharani akakigeuza kibla.

Nasi watu wa pwani tusione ajabu katika kufanana kwa tungo. Fungua tenzi za Lamu na za Pate na za Mombasa: huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha kumhimidi, kisha kumsalia Mtume, kisha karatasi na wino na kalamu. Ajaye mbali angesema wote wamemwibia mmoja. Mwenyeji ajua kwamba hii ni ada ya utungo, na kwamba utamjua mshairi kwa lile alilolifanya ndani ya ada.

Na itafaa kuongeza kwamba Zaburi ya 104, katika maandishi ya Kiebrania, haina jina la mtungaji juu yake. Jina la Dawud laonekana katika tafsiri ya Kiyunani. Basi anayedhani amemshika Nabii Dawud (A.S.) kwa ushahidi huu, hata karatasi yake haimtaji. Sisi twaamini kwamba Dawud alipewa Zaburi, na kwamba milima na ndege walisabihi pamoja naye, kama ilivyo katika Suratu Saba, ama kila waraka uliomo leo mikononi mwa Ahlul Kitab, tumeamrishwa na Mtume (S.A.W.) tusiwasadiki wala tusiwakadhibishe katika lile lisilobainishwa kwetu.

Sasa lile kundi la pili, la wanaomfanya mfalme nabii. Hoja yao ni kwamba alisema mungu ni mmoja na hakuna mfano wake. Naam, maneno ya namna hiyo yamo. Na Qur'ani, katika Suratu Fatir, imetwambia kwamba hapana umma uliokosa mwonyaji, na kwingineko kwamba katika Mitume wako ambao khabari zao hatukusimuliwa. Basi yawezekana kwa akili kwamba katika Misri palikuwa na mabaki ya mafundisho ya mwonyaji, mfano wa maji yabakiayo katika mchanga baada ya mto kupita. Lakini kuwezekana si kuthibiti, na unabii hauthibiti kwa kudhani. Na sharti tusome wimbo mpaka mwisho, jambo ambalo wengi wa waupendao hawalifanyi.

Mwisho wake wasema kwamba hakuna mwingine amjuaye mungu huyu isipokuwa mwanawe, ndiye mfalme. Yeye peke yake ameelimishwa siri zake. Kila kilichoota tangu dunia kuwekwa kimeota kwa ajili ya mfalme huyo na mkewe. Hapa ndipo penye kasoro, nami naiona kubwa kuliko kule kuliabudu jua. Mtu ameondoa miungu elfu, kisha amejisimamisha mwenyewe mlangoni. Katika nyumba za Akhetaten watu waliweka picha ya mfalme na jamaa yake chini ya miale, wakaabudu kwa kupitia hiyo. Katika Zaburi asemaye ni mtu mmoja, nafsi yake yaiambia ihimidi, naye aahidi kuimba maadamu yu hai. Hakuomba ruhusa ya mfalme yeyote. Na simba naye, kama tulivyoona, aomba bila mjumbe.

Nani aliyelipa gharama ya mlango ule? Tangu mwaka 2006 wachimbuzi wakiongozwa na Barry Kemp walifukua makaburi ya watu wa kawaida wa mji ule, yaliyo katika mchanga bila jina wala rangi. Mifupa yaonyesha lishe haba, na migongo iliyoumizwa kwa kubeba mizigo mizito, na wengi wamekufa kabla ya utu uzima. Na katika kuta za makaburi ya wakubwa, meza za sadaka kwa ajili ya jua zimechorwa zimejaa mikate na nyama na bata. Wimbo wasema kwamba kila kiumbe kimepewa riziki yake, na waliobeba mawe ya hekalu ambamo maneno kama hayo yaliimbwa, walikufa na njaa mifupani. Sisemi kwamba maneno yawa uwongo kwa sababu ya dhulma ya msemaji. Nasema kwamba sifa ambayo mfalme ameizuia katika mkono wake mmoja haimfikii mbebaji mawe, wala haimkemei mfalme. Zaburi ile, kwa uchache, yakoma kwa kuomba waovu waondoke katika ardhi. Yajua kwamba katika ulimwengu mzuri pana jambo lisilo zuri, nalo si simba.

Nabii Ibrahim (A.S.), katika Suratul An'am, alitazama nyota, na mwezi, na jua lililo kubwa kuliko vyote, na kwa kila kimoja hoja yake ilikuwa kwamba kimetua. Akhenaten naye aliona jua likitua, na wimbo wake ulikiri kwa uchungu kwamba likitua dunia huwa kama maiti. Alikuwa na hoja ya Ibrahim mkononi, akaifanya kuwa huzuni, wala hakuifanya dalili.

Pana wanaosema kwamba alikusudia nguvu iliyo nyuma ya jua, si duara yenyewe. Huenda, lakini mtu huhukumiwa kwa aliyoyaandika, na yaliyoandikwa ni duara na miale. Hukumu yake yeye mbele ya Mola wake si kazi yetu. Ma'ulamaa wa Ash'ari, nao ndio wa njia yetu, wamesema kwamba ambaye hakufikiwa na ujumbe hawajibishwi, kwa dalili ya aya ya 15 katika Suratul Isra, ijapokuwa wenzao wa Maturidi wameona kwamba akili peke yake yamtosha mtu kumjua Muumba wake. Kama ujumbe ulimfikia au haukumfikia, yuko anayejua.

Limebaki swali waliloliuliza vijana kwa unyonge kidogo: je, yafaa Mwislamu ausome wimbo ule na kuuona mzuri? Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Munqidh amewalaumu wenye akili dhaifu, wanaoipima haki kwa wasemaji wake, wakaikataa haki ikitoka katika kinywa wasichokipenda. Na lililo wazi zaidi ni la Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Aliusifu ubeti wa Labid juu ya ubatili wa kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu, akauita neno la kweli kuliko yote waliyoyasema washairi. Na siku moja alikuwa amempakia Sharid (R.A.) nyuma yake juu ya mnyama, akamwuliza kama anajua chochote katika mashairi ya Umayya bin Abi Salt. Umayya alikuwa mtu aliyemsifu Mola kwa ulimi wake, kisha akafa bila ya kuamini. Sharid akasoma ubeti, Mtume akasema aongeze. Akasoma mwingine, akasema aongeze. Mpaka beti zikatimia mia. Akasema kwamba Umayya alikaribia kusilimu.